Kipa Aliyerudisha Jezi Safi

Kasiva hakuamini matokeo ya mechi yoyote mpaka aone nguo. Redio ingesema timu imefungwa kwa bahati mbaya, kocha angemlaumu refa, mashabiki wangeapa kwa mama zao kwamba mpira haukuvuka mstari. Yeye alinyamaza akingoja Jumatatu asubuhi, begi la jezi limwagwe kando ya beseni lake, katika ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko la Marikiti hapa mjini Machakos. Hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali, na nguo zikamjibu.

Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja kama mama fua wa timu ya Nyuki. Jumapili ilimkuta uwanjani akiwatazama Nyuki. Jumamosi alikuwa kwenye michezo ya vyuo. Na muhula wa pili ulipofika, michezo ya shule ikaanza, aliacha nguo za watu zikilowa akaenda kusimama kando ya mstari wa chaki, leso kiunoni, sweta mabegani. Watu walidhani anapenda mpira. Ni kweli aliupenda, lakini aliupenda kama mwenye duka anavyompenda mteja aliyevaa koti lenye mifuko mikubwa: hakuuondolea jicho.

Kwenye michezo ya shule alitafuta mamluki, wale wachezaji wa kukodiwa wanaovishwa sare ya shule wiki moja kabla ya mashindano. Aliwajua haraka. Mwanafunzi gani wa kidato cha pili huyu mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi hiyo hiyo? Na kwa nini mwalimu akimwita jina lake hageuki? Kwenye vyuo kulikuwa na beki mmoja aliyekuwa "mwaka wa kwanza" tangu Nzisa, binti yake Kasiva, akiwa darasa la saba. Sasa Nzisa ameajiriwa kiwandani Mavoko, na yule bwana bado ni mwaka wa kwanza. Marefa ndio aliowaogopa kuliko wezi wa kuku. Refa akitazama saa mara mbili ndani ya dakika moja, Kasiva alimgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Huyo kuna kitu anangojea," alisema. Na mara nyingi, jamani, kitu kilikuja.

Tabia hiyo ilikuwa na mwanzo wake. Akiwa msichana wa shule huko Muthetheni, Kasiva alicheza netiboli, na alikuwa mzuri. Mwaka wake wa mwisho walifika fainali, wakakutana na shule moja kutoka mbali iliyokuwa na mfungaji mrefu, mpole, asiyekosa goli. Wakaambiwa ni wa kidato cha tatu. Katikati ya kipindi cha pili blauzi ya yule mfungaji ililowa kifuani, madoa mawili ya mviringo. Walimu wake wakasema ni jasho. Kasiva alikuwa amelelewa na dada watano waliozaa mmoja baada ya mwingine, na alijua jasho huanzia wapi na maziwa huanzia wapi. Alimwendea refa akamwambia, "Yule ni mama, ananyonyesha." Refa akamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Walifungwa kwa magoli mawili, shule ikaisha, akaolewa, na netiboli ikabaki huko huko. Lakini aliondoka na neno moja ambalo hakuliacha tena: mtu hudanganya, nguo haidanganyi.

Na usicheke, kwa sababu nguo zilimpa heshima ambayo wanaume wengi wa mji huu hawana. Alijua udongo. Wa Machakos ni mwekundu na unang'ang'ania kwenye pindo. Wa Mavoko ni mweusi, ukikauka unakuwa gamba, na kuutoa ni ugomvi wa nusu siku. Wa Mwala una mchanga unaobaki chini ya beseni. Miaka miwili nyuma winga mmoja wa Nyuki alisema ana homa, akakosa mazoezi wiki nzima. Jumatatu soksi zake zikaacha mchanga kwenye beseni la Kasiva, mchanga mzuri mweupe wa mtoni. Kasiva akamwambia kocha, kocha akampigia winga simu, winga akakiri kwamba alikuwa Mwala akicheza mashindano ya kushindania mbuzi. Tangu siku ile kocha Titus hakupitisha Jumatatu bila kufika kwenye ile ploti. Angesimama mlangoni, mikono nyuma, na kuuliza kwa sauti ya mzaha ambao haukuwa mzaha kabisa.

"Mama Nzisa, nguo zinasema nini?"

Sasa, kipa wa Nyuki aliitwa Lenny. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Matuu, ambako kabla ya mpira alikuwa akipakia maembe kwenye malori. Alikuwa mrefu, mkimya, na alisalimia kila mtu mpaka walevi. Hilo tu lilimtia Kasiva wasiwasi. Akipewa chai pale kwake, Lenny alikunywa, akaenda bombani, akaosha kikombe mwenyewe na kukiinamisha juu ya ndoo. Kijana wa siku hizi anayeosha kikombe bila kuambiwa, Kasiva aliwaza, huyo anaficha nini?

Mwaka huu Lenny alikuwa ameshika mpira mpaka habari zikafika Nairobi. Mtu wa klabu moja kubwa alituma ujumbe kwamba atakuja Machakos Jumapili ya mwisho ya msimu, na anakuja kumtazama kipa. Akimpenda, amchukue. Mechi hiyo hiyo ndiyo ingeamua kama Nyuki watapanda daraja. Mji mzima ulijua, na Lenny alijua kuliko mji. Kurudi Matuu kubeba magunia au kwenda Nairobi kulishwa na mpira, yote yalikuwa kwenye dakika tisini.

Kabla ya mechi hiyo kulikuwa na nyingine, ya ugenini, huko Mavoko. Na siku tatu kabla ya Mavoko, siku ya Alhamisi, Kasiva alijiunguza. Alikuwa anachemsha soksi nyeupe kwenye sufuria kubwa, sufuria ikayumba kwenye jiko, maji yakammwagikia mkono wa kulia kuanzia kifundo mpaka vidoleni. Alienda kliniki akapakwa dawa na kufungwa bendeji. Hakumwambia mtu. Meneja wa timu alikuwa ameshaanza kusema kuna duka la mashine karibu na stendi, linafua begi zima kwa saa mbili, na Kasiva aliujua mwisho wa maneno ya namna hiyo. Bahati ilikuwa baridi ya Julai. Alivuta mkono wa sweta mpaka kwenye kucha, na nani angemshangaa mama kuvaa sweta?

Ijumaa Lenny alipita kuchukua glovu zake, ambazo Kasiva alikuwa amezishona kidole gumba. Alimkuta amekunja sweta, anajaribu kukamua kwa mkono mmoja. Kasiva aliushusha mkono wa sweta haraka.

"Glovu hizo hapo kwa kiti," alisema kwa ukali.

Lenny akachukua, akasema asante, akaenda. Kasiva hakujua kama ameona. Usiku ule alimwaza mpaka akamchukia kidogo, kwa sababu mtu aliyeona siri yako hata bila kutaka ni mtu wa kuogopwa.

Jumapili Nyuki walifungwa manne kwa bila huko Mavoko. Manne! Timu iliyokuwa imefungwa magoli sita tu msimu mzima. Kasiva hakusafiri kwa sababu ya mkono. Alisikia habari kwa simu, akangoja begi.

Begi lililetwa Jumatatu na Kilonzo, mzee anayetunza vifaa vya timu. Desturi ya Nyuki ilikuwa moja na haikuvunjwa: mechi ikiisha, kila mchezaji anavua, anatupa nguo kwenye begi, Kilonzo analifunga kabla basi halijaondoka. Hakuna anayekwenda na jezi nyumbani. Lakini leo Kilonzo alikuwa na mfuko wa plastiki kando.

"Hizi ni za Lenny," alisema. "Jana hakuweka kwa begi. Ameniletea asubuhi hii, akaniambia niweke pamoja na zingine tu, nisiseme kitu."

"Usiseme kitu?"

"Ndivyo alisema, Mama Nzisa. Mimi nimesema."

Kasiva alifungua mfuko. Ndani kulikuwa na jezi ya kipa, suruali yake nzito yenye sponji magotini, na soksi. Zote zilikuwa safi, zimekunjwa vizuri. Alizigeuza ndani nje. Hata kwenye mishono ya magoti, mahali ambapo udongo mweusi hulala kama mwenye nyumba, hapakuwa na kitu. Nguo za wachezaji wengine zilikuwa zimekauka gamba sakafuni, na hizi za mtu aliyeokota mpira wavuni mara nne ziko safi kama za bwana harusi. Akazipeleka puani. Hazikunuka sabuni yake ya kipande. Zilinuka kitu kitamu na kizito, manukato ya aina fulani, kitu cha nyumba ya watu wenye nafasi.

Akakaa kwenye stuli. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na niseme ukweli, haukuwa unakwenda kwa huzuni. Alikuwa mwindaji aliyeona unyayo. Alianza kupanga. Jezi ilipelekwa wapi usiku ule? Nani aliiosha, na alikuwa anatoa doa gani? Pombe? Rangi ya midomo? Na kwa nini Kilonzo aambiwe anyamaze? Tena Lenny alikuwa amehama chumba chake karibu na stendi wiki tatu zilizopita, bila kumwambia yeyote anakokwenda. Watu wa kubeti, wale wanaonunua mechi, wana hoteli zao, na hoteli hizo zina manukato. Kila kipande kiliingia mahali pake bila kusukumwa, na Kasiva, ambaye kila kitu kilimtia shaka, hakushuku hata kidogo jinsi vipande vilivyokuwa vinaingia kwa urahisi.

Kocha Titus alifika saa nne. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mama Nzisa, nguo zinasema nini?"

Kasiva akamwekea ile jezi mikononi. "Nusa."

Kocha akanusa.

"Hiyo ni ya kipa wako. Ilikuja ikiwa safi. Hakuweka kwa begi, alienda nayo, ikaoshwa huko ilioshwa, na Kilonzo akaambiwa anyamaze."

"Unataka kusema ameuza mechi?"

"Mimi sijasema ameuza. Mimi ni mama fua." Akaichukua jezi, akaikunja taratibu ili neno lake lipate nafasi. "Lakini mwenye kuosha ndiye mwenye doa."

Ah, lilikuwa neno tamu. Kabla ya saa sita lilikuwa limefika stendi, saa nane lilikuwa kwenye vibanda vya chai, na jioni waendesha boda boda walikuwa wanaliimba. Jumanne kocha alimwita Lenny mbele ya wenzake akamuuliza kwa nini aliiosha jezi. Lenny alitazama chini akasema, "Ilikuwa chafu, kocha." Wachezaji wakacheka. Kocha hakucheka. Akamuuliza tena, mara ya pili na ya tatu, na jibu likawa lile lile. Alhamisi jina la Lenny lilitolewa kwenye orodha ya Jumapili, na Rodgers, kipa wa akiba, akaambiwa ajitayarishe.

Wiki hiyo Kasiva alisalimiwa na watu ambao hawakuwahi kumsalimia. Muuza nyama alimkatia kipande kizuri. "Mama wewe ni mpelelezi," alimwambia, na Kasiva akajifanya hakusikia ili arudie. Mkono ulimuuma, lakini alifua begi lote, usiku na mchana, akijua kwamba mashine ya dukani haiwezi kunusa.

Jumapili mchana alikuwa na mapazia ya kurudisha kwa Halima, mteja wake wa siku nyingi anayekaa upande wa msikiti. Kila mara walikabidhiana getini: nguo, asante, kwaheri. Siku hiyo Halima alimshika begani.

"Leo hutaniachia mapazia getini kama mgeni. Ingia unywe chai. Na huo mkono niuone."

"Mkono gani?" Kasiva alivuta sweta.

"Mama Nzisa, mkono ulioungua. Kijana wangu alinieleza."

"Kijana gani?"

"Lenny. Kipa wenu. Si anakaa kile chumba cha nyuma, cha mwanangu Abdalla? Tangu Abdalla apate kazi Mombasa nilimpa Lenny, chumba kisikae bure. Hukujua?"

Kasiva hakujua. Aliingia ndani polepole, na alipovuka mlango wa sebule alisimama. Kwenye kona kulikuwa na chetezo, moshi wa udi unapanda kidogo kidogo, na harufu yake ilikuwa kila mahali, kwenye viti, kwenye mkeka, kwenye nguo zilizoanikwa kwenye kamba iliyopita ukumbini. Ilikuwa harufu tamu na nzito. Pua yake iliitambua kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Halima alikuwa anaendelea kumimina chai na maneno pamoja. "Ile Jumapili waliporudi kutoka Mavoko, amekuja hapa amechafuka, masikini, hata uso haujulikani. Akaniomba beseni na sabuni. Nikamwambia, wewe, si timu ina mtu wa kufua? Akasema, mama yule ameungua mkono wa kulia, na hii suruali ya kipa ndiyo nzito kuliko zote, tena udongo ule ukikauka hautoki. Nikamwambia basi waambie wakubwa wenu wampumzishe. Akasema wakubwa wakijua watapeleka nguo kwa mashine, na mama atakosa kazi. Akafua hapo nje kwa taa. Usiku kulikuwa na ukungu, nikamwambia anika hapa ndani."

Wazo la kwanza la Kasiva, na hili linamhusu yeye alivyo, lilikuwa: nani amemtuma huyu mwanamke? Alimtazama Halima machoni, akatazama vikombe, akatazama mlango, akitafuta mahali uongo ulipojificha. Lakini alikuwa amenusa. Nguo haidanganyi, alikuwa amesema hivyo miaka thelathini na mitano. Jezi ilikuwa imemwambia kweli tupu siku ile ya Jumatatu: nimeoshwa na mtu mwenye bidii, katika nyumba yenye udi. Mengine yote aliyaongeza yeye.

"Wametoa jina lake," Halima alisema. "Sijui ni nani aliyemsingizia. Mungu atamwonyesha."

Kasiva alisimama chai haijafika nusu. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka. Halima, akidhani anawahi mpira, alimfungia mahamri kwenye bahasha ya kaki, akamsukumia mkononi, na Kasiva akatoka mbio akasimamisha boda boda, yeye ambaye kila Jumapili alikwenda uwanjani kwa miguu.

Kocha Titus alikuwa mbele ya chumba cha kubadilishia nguo, ana karatasi mkononi. Saa nane na nusu. Mtu wa Nairobi alikuwa ameshakaa kivulini, kofia kichwani, anakunywa soda.

"Kocha, rudisha Lenny," Kasiva alisema akihema. "Nilikosea. Aliosha jezi kwa sababu yangu. Mimi niliungua mkono, nikaficha. Ona." Akakunja mkono wa sweta mbele ya watu wote. Bendeji ilikuwa imelowa na kugeuka manjano.

Kocha hakuutazama mkono kwa muda mrefu. Alimtazama yeye, kisha boda boda iliyokuwa inageuza, kisha ile bahasha ya kaki.

"Wiki nzima ulikuwa wapi, Mama Nzisa?"

"Nimejua sasa hivi. Halima ameniambia, yule Lenny anakaa kwake."

"Anakaa kwake." Kocha akarudia taratibu. "Kwa hivyo umetoka kwa nyumba anakaa Lenny, umekuja na boda, nusu saa kabla ya mechi, umebadilisha maneno. Hiyo bahasha iko na nini?"

"Mahamri."

"Mahamri."

"Kocha, fungua uone! Ni mahamri!"

"Mkono unaweza kuungua hata leo asubuhi," alisema kocha, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayesikitika. "Wewe mwenyewe ndiye umenifundisha. Mtu hudanganya. Na orodha refa ameshachukua. Enda ukae, mama. Sitaki kujua wamekupatia ngapi."

Kasiva alifungua bahasha, akayatoa mahamri, akayashika juu. Hakuna aliyeyatazama. Kilonzo aligeuza uso, wachezaji wawili wakanong'ona, na Kasiva aliujua ule mnong'ono kwa sababu alikuwa ameunong'ona mara nyingi yeye mwenyewe. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kinamshtaki: boda, jasho, bahasha. Angekuwa yeye amesimama pale na karatasi, naye angesema hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomkata maini.

Alipanda jukwaani. Lenny alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa, kwenye viti vya watu wote, amelipa kiingilio kama mtu mwingine. Alisogea ampe nafasi.

"Mwaitu," alisema, kama vijana wa Kikamba wanavyowaita mama zao, "mkono uko aje?"

Kasiva alimtafuta usoni. Alitafuta kejeli, alitafuta chuki, alitafuta hesabu ya mtu anayengoja siku yake. Macho yake yalikuwa yamezoea kazi hiyo, lakini yalirudi bure.

"Lenny, yale maneno yalitoka kwangu."

"Najua. Kocha aliniambia Jumanne."

"Ulijua, na ukanyamaza? Wangekuuliza mara ngapi?"

"Ningesema nini? Ningesema mkono, wangeenda kwa mashine." Akatazama uwanjani, ambako Rodgers alikuwa anarukaruka golini kupasha misuli. "Nilijua utajua tu. Watu wanasema wewe hujua kila kitu. Nilidhani utajua mapema kidogo."

Kasiva alilia. Hakujificha kwa leso, alilia wazi, na watu wa ngazi ya chini wakageuka wakidhani kuna msiba. Lenny alichukua hamri moja akala, akampa na yeye moja. Wakatazama mechi. Nyuki walishinda moja kwa bila na kupanda daraja. Rodgers aliokoa mikwaju mitatu, mmoja wa ajabu kweli, na baada ya filimbi yule mtu wa Nairobi aliteremka akaandika namba yake ya simu. Lenny alipiga makofi mpaka mwisho. Halafu akamwambia Kasiva kwamba msimu wa maembe hauko mbali, na kwamba atatangulia nyumbani Matuu kesho.

Jumatatu begi lilikuja zito, limejaa udongo mwekundu na soda iliyomwagika wakati wa kusherehekea. Chini kabisa, kwenye mfuko wa plastiki, kulikuwa na vifaa vya timu alivyorudisha Lenny kabla ya kupanda gari: jezi mbili za mazoezi, suruali, soksi, zimeoshwa na kukunjwa. Kasiva alizipakata. Hakuzinusa.

Saa nne kivuli kilisimama mlangoni. Kocha Titus alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Ushindi husahaulisha, na yeye alikuwa ameshinda.

"Basi, Mama Nzisa, ya jana yaishe," alisema akicheka. "Sisi ni watu wa nyumba moja. Haya niambie, nguo zinasema nini?"

Kasiva aliweka nguo za Lenny kando, juu ya kiti. Alivuta jezi ya kwanza kutoka kwenye lundo, akaizamisha majini kwa mkono wa kushoto.

"Zinasema ni chafu, kocha," alisema. "Hazijui kitu kingine."